Paul von Lettow-Vorbeck

Paul Emil von Lettow-Vorbeck (Saarlouis, 20 Machi 1870 – Hamburg, 9 Machi 1964) alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani aliyeongoza jeshi la kikoloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara, Rwanda na Burundi) wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa miaka minne alipigana na majeshi ya Uingereza, Uhindi, Afrika Kusini, Ubelgiji na Ureno yaliyomzidi sana kwa idadi. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya.

Anatajwa mara nyingi kama mfano wa kamanda aliyejua kuamua haraka akiwa na habari chache na vifaa haba. Hata hivyo vita alivyoongoza viliua watu wengi zaidi kwa njaa, maradhi na kazi ya upagazi kuliko kwa risasi, na karibu wote walikuwa Waafrika. Kwa sababu hiyo wanahistoria wa leo hawapimi maamuzi yake kwa mapigano peke yake.

## Maisha ya awali

Lettow-Vorbeck alizaliwa katika familia ya makabaila wa Pomerania. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Prussia. Mtoto huyo alisoma katika shule za makadeti, akawa luteni, na baadaye akafanya kazi katika makao ya wakuu wa jeshi mjini Berlin.

Mwaka 1900 alikwenda China pamoja na kikosi cha Kijerumani kilichoshiriki kukandamiza uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani (leo Namibia), akawa katika ofisi ya jenerali Lothar von Trotha wakati wa vita dhidi ya Waherero. Matendo ya jeshi la Ujerumani dhidi ya Waherero na Wanama yanatambuliwa leo kuwa mauaji ya kimbari. Serikali ya Ujerumani ilikiri hivyo mwaka 2021.

Katika nchi hiyo Lettow-Vorbeck aliona pia jinsi vikosi vidogo vya Wanama, vilivyojua visima na njia za nchi yao, vilivyolisumbua jeshi kubwa lililotegemea misafara ya mizigo. Mwaka 1906 alijeruhiwa jicho la kushoto, akaenda kutibiwa Afrika Kusini. Kuanzia 1909 hadi 1913 aliongoza kikosi cha askari wa majini huko Wilhelmshaven.

## Kufika Dar es Salaam

Alifika Dar es Salaam mnamo Januari 1914 akiwa na cheo cha luteni kanali. Jeshi alilokabidhiwa, lililoitwa *Schutztruppe*, lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wapatao 260, waliogawanywa katika kombania 14. Kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zilizotoa moshi mwingi kila zilipopigwa, hata adui aliweza kuona mpigaji alipo.

Jeshi hilo lilikuwa limeundwa kwa ajili ya kutawala wenyeji. Ndilo lililokandamiza vita vya Maji Maji miaka michache kabla. Lakini muundo wake ulikuwa na faida moja: kila kombania ilikuwa na bunduki zake za rashasha, wapagazi wake na chakula chake, hivyo iliweza kutembea na kupigana peke yake bila kusubiri nyingine.

Lettow-Vorbeck alitumia miezi ya kwanza kuizunguka koloni, akianzia Usambara na Kilimanjaro. Alikagua kombania, akaangalia njia na reli, akaonana na walowezi waliowahi kuwa maafisa. Mmoja wao alikuwa Tom von Prince, aliyejulikana kwa wenyeji kama Bwana Sakarani.

## Ugomvi na gavana

Vita vilipoanza Agosti 1914, gavana Heinrich Schnee alitaka koloni ibaki nje. Alitegemea mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, uliotoa nafasi ya kutoegemea upande wowote katika sehemu hizi za Afrika. Schnee alihofu kwamba vita vingeharibu mashamba, reli na biashara, na kwamba wenyeji wangeasi tena. Kisheria gavana alikuwa juu ya kamanda wa jeshi.

Lettow-Vorbeck alikuwa na wazo tofauti. Alijua kwamba koloni haingeweza kulindwa hadi mwisho, kwa kuwa meli za Uingereza zilitawala bahari. Kwake swali lilikuwa ni askari wangapi wa adui wangeweza kushikiliwa Afrika ili wasipelekwe Ulaya. Ili wapelekwe huku, ilibidi Waingereza waguswe mahali panapouma, yaani reli ya Uganda iliyopita karibu na mpaka kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Tarehe 15 Agosti 1914 vikosi vyake viliteka Taveta. Tangu hapo lengo hilo halikubadilika, na maamuzi yake karibu yote yalilifuata.

## Mapigano ya Tanga

Mwanzoni mwa Novemba 1914 meli za Uingereza zilileta askari wapatao 8,000 kutoka Uhindi chini ya jenerali Arthur Aitken ili kuteka Tanga. Wakati huohuo kikosi kingine cha Waingereza kilishambulia Longido, karibu na Kilimanjaro. Lettow-Vorbeck hakuweza kujua kwa hakika shambulio lipi ndilo kubwa. Hata hivyo alihamisha sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka Kilimanjaro kwenda Tanga kwa reli ya Usambara. Kama angekosea, mpaka wa kaskazini ungebaki wazi. Tena, gavana alikuwa ameagiza kwamba Tanga isiingizwe katika hatari ya kupigwa mizinga. Lettow-Vorbeck aliamua kubeba lawama mwenyewe.

Waingereza walimpa muda. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari ya Fox alishuka kwanza kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya awali ya kutoushambulia mji yamekwisha. Askari walianza kushuka usiku huo huko Ras Kasone, na shambulio lao la kwanza tarehe 3 lilirudishwa na kikosi kidogo kilichokuwepo.

Lettow-Vorbeck alifika usiku wa kuamkia tarehe 4. Kabla ya kupanga lolote aliingia mjini gizani kwa baiskeli, akapita mitaani hadi bandarini, akaona meli zikiwa zimewashwa taa na kusikia kelele za upakuaji. Kwa hiyo alijua kwamba mji ulikuwa mtupu na kwamba adui angekuja kutoka upande wa Ras Kasone, kupitia mashamba na vichaka. Akaweka askari wachache mbele ya mji na kuficha kombania nyingine kwenye ubavu wa kulia.

Waingereza waliposonga mbele mchana wa tarehe 4, kwa joto kali na bila kupeleleza vizuri, walifika hadi ndani ya mji. Ndipo Lettow-Vorbeck alipoamuru shambulio la ubavuni, na mstari wao ukavunjika. Nyuki waliochokozwa katika mizinga yao waliongeza vurugu. Tom von Prince aliuawa siku hiyo.

Jioni ilitokea hitilafu. Mlio wa tarumbeta ulieleweka vibaya, na kombania za Wajerumani zikarudi kambini magharibi mwa mji. Kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na mlinzi, lakini Waingereza hawakutambua, na tarehe 5 walirudi melini. Walipoteza watu wapatao 800 kwa kufa na kujeruhiwa. Waliacha bunduki mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Kwa silaha hizo kombania kadhaa za Lettow-Vorbeck ziliweza kutupa bunduki zao za moshi.

## Jasini na hesabu ya risasi

Tarehe 18 na 19 Januari 1915 Lettow-Vorbeck alishambulia ngome ya Waingereza huko Jasini, mpakani kaskazini mwa Tanga. Alishinda, na waliokuwa ngomeni walisalimu amri. Lakini risasi zipatazo 200,000 zilikuwa zimetumika, naye alipoteza sehemu ya saba hivi ya maafisa wake wa kudumu. Yeye mwenyewe alipigwa risasi mkononi.

Baada ya ushindi huo alikadiria kwamba angeweza kupigana mara tatu tu zaidi kwa namna ile kabla ya kuishiwa. Maafisa waliofunzwa na risasi havikuweza kuletwa tena kutoka Ujerumani. Katika vita nzima ni meli mbili tu zilizofaulu kupita vizuizi vya Waingereza na kuleta mizigo yao, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916. Kwa hiyo aliacha mapigano makubwa na kutuma vikosi vya watu wachache kupita nyika isiyo na maji hadi reli ya Uganda kulipua njia na madaraja. Wengi wao walipotea au kufa kwa kiu, lakini Waingereza walilazimika kuweka maelfu ya walinzi.

Mwaka huo jeshi lake lilikua hadi Wajerumani wapatao 3,000 na askari Waafrika wapatao 11,000. Manowari ya Königsberg ilipoangamia katika delta ya Rufiji mnamo Julai 1915, mizinga yake ilitolewa na kuvutwa nchi kavu. Kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa hapo.

## Kurudi nyuma mbele ya Smuts

Mwanzoni mwa mwaka 1916 Jan Smuts wa Afrika Kusini alichukua uongozi wa majeshi ya Uingereza. Alipendelea kuzunguka ubavu wa adui kwa wapanda farasi ili kumfungia njia. Lettow-Vorbeck alijibu kwa kupigana mahali alipochagua, kisha kuondoka kabla mzunguko haujafungwa. Moshi ilitekwa Machi 1916, Morogoro Agosti na Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba. Wabelgiji walichukua Tabora tarehe 19 Septemba. Farasi wa Waingereza walikufa kwa wingi kutokana na ndorobo, na askari kwa malaria na kuhara.

Si kila uamuzi wa Lettow-Vorbeck ulikuwa mzuri. Mnamo Mei 1916 alishambulia usiku kikosi cha Afrika Kusini kilichofika Kondoa Irangi. Aliamini kimechoka na kwamba angeweza kukivunja, lakini kilikuwa kimejichimbia imara. Alirudishwa na kupoteza watu ambao hakuweza kuwafidia.

## Mahiwa na kuvuka Ruvuma

Mapigano makubwa ya mwisho yalifanyika Mahiwa, katika eneo la Lindi, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Kamanda wa Waingereza alikuwa jenerali Gordon Beves. Lettow-Vorbeck alikuwa amemwona katika mapigano ya Reata, Machi 1916, akipeleka watu wake moja kwa moja mbele bila kujali hasara. Alitarajia kwamba angefanya vilevile, akahamisha kwa siri kombania zake kutoka sehemu nyingine ya mapambano na kuziweka Mahiwa. Beves alishambulia kama alivyotarajiwa. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya 5,000 hivi.

Hasara ya Wajerumani ilikuwa watu wapatao 500 tu, lakini hiyo ilikuwa theluthi ya waliopigana, na risasi zilikaribia kwisha. Hivyo aliyeshinda ndiye aliyelazimika kuondoka. Lettow-Vorbeck alichagua wazima wa kutosha kubeba risasi zilizobaki, akaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi mikononi mwa Waingereza. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji akiwa na Wajerumani wapatao 300, askari Waafrika wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Siku hiyohiyo aliteka kambi ya Wareno huko Ngomano na kupata bunduki, risasi, chakula na dawa.

Kwa miezi kumi alizunguka Msumbiji akiishi kwa kile alichoteka, hadi karibu na Quelimane. Mnamo Septemba 1918 alirudi kaskazini, kisha akageukia Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na kuingia Kasama. Hapo, karibu na mto Chambeshi, alipata habari kwamba vita vilikuwa vimesimamishwa Ulaya. Alisalimisha silaha huko Abercorn (leo Mbala) akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake waliofuatana nao.

## Namna yake ya kufanya maamuzi

Watafiti wa maamuzi ya kijeshi huona mambo kadhaa yanayojirudia katika vita vyake:

* Kujionea. Alikwenda mwenyewe mahali pa mapigano, kama Tanga, hata kwa kuhatarisha maisha.
* Kuhesabu kisichorudi. Alipima kila pambano kwa maafisa na risasi zitakazobaki, si kwa ardhi itakayotekwa. Ndiyo maana aliacha miji na reli bila kupigana hadi mwisho.
* Kutambua hali iliyofanana na ya zamani. Huko Mahiwa alitumia tabia ya adui aliyoiona mwaka mmoja na nusu kabla.
* Kuwaachia walio chini yake. Makamanda wa kombania walijua lengo na waliamua wenyewe, kwa kuwa amri ingeweza kuchukua siku nyingi kuwafikia.

Utafiti uliofanywa Marekani tangu miaka ya 1980 na Gary Klein na wenzake, kwa kuchunguza wazima moto na makamanda wa vifaru, ulionyesha kwamba wataalamu wenye uzoefu mara nyingi hawalinganishi njia nyingi moja baada ya nyingine. Huitambua hali, hupata njia moja inayofaa, huijaribu akilini, kisha hutenda. Mahiwa inaonyesha nguvu ya njia hiyo. Kondoa inaonyesha hatari yake: mtaalamu huweza kudhani ametambua hali ambayo kwa kweli haiko vile.

## Gharama kwa wenyeji

Hesabu ya Lettow-Vorbeck ilikuwa makini kwa risasi na maafisa. Kwa wapagazi na wanakijiji haikuwa hivyo. Penye ndorobo mizigo haikuweza kubebwa na wanyama, hivyo ilibebwa na watu, wengi wao kwa kulazimishwa. Upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, hasa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kwa upande wa Wajerumani wapagazi wengi hawakuandikwa wala kulipwa. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam una jina linalotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, sawa na Kariokor ya Nairobi.

Jeshi linaloishi kwa chakula linachokikuta huacha njaa nyuma yake. Majeshi ya pande zote yalichukua nafaka na ng'ombe, na vijana waliopaswa kulima walikuwa safarini na mizigo. Huko Ugogo, mvua ziliposhindwa, ilifuata njaa iliyokumbukwa kwa jina la Mtunya, iliyoua sehemu kubwa ya watu. Kisha ikaja homa ya mafua ya mwaka 1918. Yale ambayo gavana Schnee aliyahofu mwaka 1914 kuhusu uharibifu wa nchi yalitokea.

Hata lengo lenyewe lina mashaka. Wanahistoria kadhaa wanasema kwamba askari wengi waliopigana naye, hasa Waafrika, wasingepelekwa mbele ya Ulaya kwa vyovyote vile.

## Baada ya vita

Mnamo Machi 1919 alipita Berlin juu ya farasi, chini ya lango la Brandenburg, akishangiliwa kama shujaa asiyeshindwa. Mwaka huohuo aliongoza askari waliokandamiza ghasia mjini Hamburg. Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge wa chama cha kizalendo cha mrengo wa kulia kuanzia 1928 hadi 1930.

Vitabu vyake vya kumbukumbu vilisomwa sana na kujenga picha ya askari mwaminifu aliyemfuata kwa hiari hadi mwisho. Picha hiyo ni nusu tu ya habari. Wengi walitoroka, hasa mwaka 1917. Waliobaki walikuwa na sababu zao: mshahara walioahidiwa, heshima ya askari, wake na watoto waliosafiri nao, na hofu ya kurudi peke yao katika nchi waliyoipita wakinyang'anya.

Mwaka 1953 alitembelea tena Afrika ya Mashariki na kukutana na baadhi ya askari wake wa zamani mjini Dar es Salaam. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Mwaka huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika waliokuwa bado hai mishahara waliyodai tangu vita. Uamuzi huo haukuwahusu wapagazi.

## Kumbukumbu

Nchini Ujerumani mitaa na kambi za jeshi zilipewa jina lake, lakini mingi imebadilishwa jina kutokana na mjadala kuhusu ukoloni na mauaji ya Waherero na Wanama. Dinosauri mmoja aliyechimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, ana jina la kisayansi *Dysalotosaurus lettowvorbecki*. Huko Zambia kuna mnara karibu na mto Chambeshi kwenye mahali alipopata habari za mwisho wa vita. Mjini Dar es Salaam sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita hivyohivyo.